Jeshi la Kigeni Katika Nchi ya Watu: Hukumu ya Kuondoka na Funzo la Iraq

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa zetu, hasa kila linapotajwa jina la Baghdad, huulizwa swali hili: jeshi la kigeni likiingia katika nchi ya watu kwa nguvu, kisha likasema kwamba litaondoka hali ikitulia, Shari'ah inasemaje? Je, lina haki ya kungoja? Au linapaswa kuondoka papo hapo, hata kama baada yake kutakuwa na fitna? Wapo wanaojibu kwa hasira tu, na wapo wanaojibu kwa hofu tu. Makusudio ya makala hii ni kulirudisha swali kwa wenyewe, yaani fuqahaa, kisha kulipima kwa historia ya nchi moja ambayo limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, nayo ni Iraq.

NCHI ILIYOLEA ELIMU YA SIYAR

Siyar ni mlango wa fiqhi unaoeleza namna Waislamu wanavyoamiliana na wasiokuwa wao katika vita na amani: mikataba, wajumbe, mateka, mali na mipaka. Mlango huu ulipata umbo lake kamili katika ardhi ya Iraq. Imam Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767), aliufundisha katika mji wa Kufah. Mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyekuwa kadhi mkuu wa Harun ar-Rashid, aliandika kumjibu al-Awza'i, imamu wa Sham, katika masuala hayo. Na mwanafunzi wake mwingine, Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mzaliwa wa Wasit aliyefariki mwaka 189 Hijria (805), aliandika kitabu As-Siyar al-Kabir, ambacho kimetufikia pamoja na sharhi ya as-Sarakhsi.

Hivyo basi, watu walioulizwa mwaka 1917 na tena mwaka 2003 kama wanajua kujitawala ni warithi wa mji ambao wanachuoni wake waliandika sheria za vita na amani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Jambo hili tusilisahau tunapoendelea.

MPORAJI NA MALI YA MWENZIWE

Asili ya suala letu imo katika mlango ambao mwanafunzi wa fiqhi huusoma mapema, nao ni mlango wa ghasbu, yaani kushika haki ya mtu kwa dhulma. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, tunausoma katika Minhaj ya Imam Nawawi. Muhtasari wake ni huu: aliyepora chochote analazimika kukirudisha, gharama za kukirudisha ni juu yake, na kikiharibika mkononi mwake anakidhamini hata kama hakukusudia kukiharibu. Manufaa aliyoyazuia pia anayadhamini.

Mporaji hana hoja ya kusema, "Mwenyewe hajui kuitunza." Hata mwenye mali akiwa mtoto mdogo, mali hukabidhiwa walii wake. Haibaki mkononi mwa aliyeipora kwa madai kwamba yeye ni mtunzaji bora.

Imam Shafi'i alitolea hoja kisa cha ngamia jike wa Mtume (s.a.w.) aliyeitwa al-Adhbaa, kilichopokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Imran bin Huswayn (r.a.). Maadui walimchukua ngamia huyo pamoja na mwanamke wa Kiansari. Mwanamke yule akaponyoka usiku akiwa juu ya ngamia huyo, naye akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimwokoa atamchinja. Alipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba hakuna nadhiri katika kitu asichokimiliki mtu. Ngamia alikuwa bado ni wa mwenyewe. Kutokana na hapo Imam Shafi'i alisema kwamba adui hamiliki mali ya Waislamu kwa kuishika kwa nguvu. Wahanafi wana maelezo mengine kuhusu mali inayohamishwa na adui hadi nchini kwake, na ikhtilafu hiyo ni maarufu. Lakini juu ya mtu huru hakuna ikhtilafu: hawi milki ya aliyemteka. Na nchi ni watu wake kabla ya kuwa ardhi na mafuta.

Sheria za kimataifa za zama zetu nazo zimefika hapo hapo. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 na Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 zinamhesabu mkaliaji kuwa ni msimamizi wa muda mwenye wajibu juu ya watu walio chini yake. Baada ya uvamizi wa Iraq, Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Mei 2003, liliitambua Marekani na Uingereza kwa jina hilo hilo: dola zinazokalia nchi.

UBAO ULIOPIGILIWA KATIKA JAHAZI

Baada ya kuthibitisha asili, tuje kwenye hoja ya wale wanaosema, "Wakiondoka leo, watu watakufa." Hoja hii si ya kubezwa, na fuqahaa hawakuibeza.

Katika mlango huo huo wa ghasbu wanazungumzia mtu aliyepora ubao akaupigilia katika chombo chake cha baharini. Asili ni kwamba ubao ung'olewe na arudishiwe mwenyewe, hata kama chombo kitaharibika, kwa sababu mporaji ndiye aliyejitia mwenyewe katika hasara hiyo. Lakini chombo kikiwa katikati ya bahari, na ikahofiwa kwamba kuung'oa ubao kutaangamiza nafsi au mali iliyohifadhiwa na Shari'ah, basi hautang'olewa mpaka kifike pwani.

Ndugu msomaji, itazame hukumu hii kwa makini, kwani ndani yake mna mambo manne. Kwanza, kuchelewesha kumeruhusiwa kwa ajili ya roho za watu, si kwa ajili ya faida ya mporaji. Pili, haki ya mwenye ubao haikupungua kwa kuchelewa huko, na ujira wa ubao wake unaendelea kuhesabiwa. Tatu, ruhusa ina mwisho unaojulikana, nao ni kufika pwani. Nahodha hawezi kuipita bandari, akageuza tanga kwenda safari nyingine, kisha akasema, "Bado tumo baharini." Nne, anayekuwa na khofu juu ya abiria lazima awe anaelekea pwani kweli. Anayezunguka tu baharini hana udhuru.

Hivi ndivyo zinavyofanya kazi kanuni mbili tunazozijua: kwamba madhara huondolewa, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake au makubwa zaidi. Kanuni ya tatu inazifunga zote mbili: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa hiyo jibu la fiqhi si "waondoke hata watu wote waangamie", wala si "wabaki mpaka watakapoona wenyewe inafaa". Jibu ni kwamba kuondoka ni deni lililokwisha kuwajibika. Linaloweza kujadiliwa ni pwani iko wapi, na mwenye kuitaja ni mwenye ubao, si aliyeupora.

TUANZE NA MAJESHI YETU

Mwanachuoni muadilifu haulizi swali hili kwa majeshi ya wengine tu. Historia yetu ina mifano miwili ambayo kila imamu anapaswa kuijua.

Mfano wa kwanza ni wa Sham. Kabla ya vita vya Yarmuk mwaka 15 Hijria (636), Waislamu walikuwa wamechukua jizya kutoka kwa watu wa Hims kwa ahadi ya kuwalinda. Habari zilipofika kwamba Warumi wanakuja na jeshi kubwa, Waislamu waliona hawataweza kutimiza ulinzi huo. Al-Baladhuri anasimulia kwamba waliwarudishia watu wa Hims mali yao kabla ya kuondoka, na Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj anaitaja amri ya Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) juu ya jambo hilo katika miji ya Sham. Hoja yao ilikuwa wazi: tulichukua mali kwa sharti la kukulindeni, na sharti hatuliwezi. Jeshi lililoshindwa kulinda halina haki ya kubaki na alichokitoa mlindwa.

Mfano wa pili ni wa Samarkand. Qutayba bin Muslim aliuteka mji huo mwaka 93 Hijria (712). Alipotawala Umar bin Abdul-Aziz (99–101 Hijria), watu wa Samarkand walimshitakia kwamba Qutayba aliwafanyia hiana na kuingia mji wao kwa dhulma. Khalifa hakuitupa kesi hiyo kwa kuwa walalamikaji si Waislamu, wala hakusema kwamba jambo limekwisha pita. Alimwandikia gavana wake, Sulayman bin Abi as-Sari, awawekee kadhi. Kadhi Jumay' bin Hadhir akahukumu kwamba Waarabu watoke mjini warudi kwenye kambi yao, kisha pande mbili zianze upya, ama kwa sulhu mpya ama kwa vita.

Wahadhiri wengi huimalizia hadithi hii kwa kusema kwamba jeshi lilitoka na mji mzima ukasilimu siku hiyo. Vitabu vya zamani, kama Tarikh ya at-Tabari, havisemi hivyo. Vinasema kwamba watu wa Sughd walitafakari, wakaona kwamba kuanza upya huenda kukarudisha vita, na kwamba wamekwisha changanyika na watu hawa na kuzoeana nao, basi wakaridhia hali ibaki ilivyo. Kisa hiki bila ya nyongeza ndicho chenye faida zaidi. Hukumu ya kutoka ilitolewa kwanza, tena na kadhi wa upande wenye nguvu dhidi ya jeshi lake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo wenyeji, kwa hiari yao, wakaamua lililo na maslahi kwao. Aliyeombwa abaki baada ya kuhukumiwa kuondoka si sawa na aliyejipa ruhusa mwenyewe.

IRAQ YA KWANZA: 1917 HADI 1959

Majeshi ya Uingereza yaliingia Baghdad tarehe 11 Machi 1917. Siku chache baadaye, tarehe 19 Machi, ilitolewa tangazo kwa jina la Jenerali Stanley Maude likiwaambia wananchi kwamba jeshi lake halikuja kama washindi au maadui, bali kama wakombozi. Mwezi Aprili 1920, katika mkutano wa San Remo, Uingereza ikapewa Iraq chini ya udhamini. Wananchi hawakuulizwa.

Yaliyofuata ni katika kurasa za heshima za Umma huu. Katika Ramadhani ya mwaka huo, Sunni na Shia wa Baghdad walikusanyika pamoja katika misikiti ya pande zote mbili, maulidi yakisomwa pamoja na taazia za Imam Husayn (r.a.), na khutba zikidai uhuru. Kutoka Karbala, Ayatullah Muhammad Taqi ash-Shirazi alitoa fat'wa kwamba kudai haki ni wajibu juu ya Wairaqi, kwamba katika kudai huko wachunge amani na usalama, na kwamba wakikataliwa kabisa wanaweza kutumia nguvu ya kujihami. Utaratibu huu ni wa kifiqhi: haki, kisha njia ya amani, kisha kujihami. Mapigano yalianza Rumaitha mwishoni mwa Juni 1920 na yakaenea. Waingereza waliyazima kwa ndege na askari wengi kutoka India, lakini walilazimika kubadilisha utawala wao, na mwaka 1921 wakamtawaza Faysal bin Husayn kuwa mfalme.

Sasa tazama pwani ilivyosogezwa. Mkataba wa mwaka 1930 uliahidi uhuru, na tarehe 3 Oktoba 1932 Iraq iliingia katika Shirikisho la Mataifa ikiwa dola huru. Lakini mkataba huo huo uliwaachia Waingereza kambi za ndege za Habbaniya na Shaiba. Mwaka 1941, ilipoingia serikali wasiyoitaka, majeshi yalitoka katika kambi hizo na kwingineko, nchi ikakaliwa upya. Januari 1948 ulitiwa saini mkataba mwingine huko Portsmouth, na wananchi wa Baghdad wakaukataa barabarani hadi ukaanguka. Kambi zilikabidhiwa mwaka 1955, ufalme ukapinduliwa tarehe 14 Julai 1958, na Waingereza wa mwisho wakaondoka Habbaniya mwaka 1959. Aliyesema kwamba hakuja kama mshindi alikuwapo kwa miaka 42.

IRAQ YA PILI: 2003 HADI 2011

Uvamizi wa Machi 2003 ulihalalishwa kwa silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Tarehe 16 Mei 2003 mamlaka ya ukaliaji iliwafukuza kazini wanachama wa ngazi za juu wa chama cha Baath, na tarehe 23 Mei ikalivunja jeshi la nchi. Kwa saini mbili, laki kadhaa za watu waliojua silaha wakawa hawana kazi wala heshima. Baadaye wale wale waliovunja walinzi wa nyumba walisema hawawezi kuondoka kwa kuwa nyumba haina walinzi. Kwa kipimo cha ghasbu, hasara iliyotokea mkononi mwa mporaji humlazimu dhamana, wala haimpi kibali cha kukaa zaidi.

Jambo la pili lilikuwa hukumu. Amri namba 17, iliyotolewa upya tarehe 27 Juni 2004, siku moja kabla ya mamlaka kukabidhiwa kwa serikali ya mpito, iliwapa wageni wa majeshi na makampuni yao kinga ya kutoshitakiwa katika mahakama za Iraq. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater waliwaua raia 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Kesi ilisikilizwa Marekani. Walinzi wanne walitiwa hatiani mwaka 2014, na Desemba 2020 wakasamehewa na rais wa nchi yao. Katika Shari'ah yetu msamaha wa damu ni haki ya mawalii wa aliyeuawa, na hapa wenye haki hiyo walikuwa familia za Baghdad.

Namna gani basi pwani ilitajwa? Mwezi Juni 2003 Ayatullah Ali as-Sistani alitoa fat'wa kwamba katiba haiwezi kuandikwa na watu walioteuliwa na wakaliaji, bali na waliochaguliwa na wananchi. Jumuiya ya Maulamaa wa Kiislamu, chini ya Sheikh Harith adh-Dhari, ilitaka ratiba ya kuondoka kabla ya uchaguzi wowote. Walikhitalifiana katika njia, lakini wote walisema jambo moja: mwenye nchi ndiye mwenye kauli. Mkataba ulitiwa saini tarehe 17 Novemba 2008, na Bunge la Iraq likaupitisha tarehe 27 Novemba. Ulikuwa na tarehe: majeshi ya mapigano yatoke mijini ifikapo 30 Juni 2009, na yote yatoke nchini ifikapo 31 Desemba 2011. Mwaka 2011 Marekani ilipotaka kubakisha sehemu ya askari wake kwa sharti la kinga ya kisheria, Wairaqi hawakukubali sharti hilo. Tarehe 18 Desemba 2011 msafara wa mwisho ulivuka mpaka kuingia Kuwait. Mwaka 2007 walikuwako askari wa Kimarekani takriban 170,000. Walitoka kwa mkataba ulioandikwa, wenye mashahidi na wenye siku.

DENI LA PILI

Wapo watakaosema: mbona tarehe 10 Juni 2014 Mosul ilianguka mikononi mwa watu waliochinja Waislamu, Wakristo na Wayazidi? Je, si dalili kwamba kuondoka kulikuwa kosa?

Jibu ni kwamba pana madeni mawili, na kulipwa moja hakufuti la pili. La kwanza ni la mgeni, nalo ni kuondoka. La pili ni la wenyeji, nalo ni kufanyiana uadilifu. Deni la kwanza lililipwa tarehe 18 Desemba 2011. Siku iliyofuata, tarehe 19 Desemba, serikali ya Baghdad ilitoa hati ya kumkamata makamu wa rais, Tariq al-Hashimi, Msunni, na watu wa majimbo ya magharibi wakaona kwamba mlango umefungwa mbele yao. Mwishoni mwa 2012 walianza kukaa barabarani wakidai haki. Aprili 2013 huko Hawija kambi yao ilivamiwa na watu wengi wakauawa. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Anfaal, aya ya 46, anatutahadharisha tusizozane tukavunjika moyo na nguvu zetu zikapotea, na katika Suratul-Hujuraat, aya ya 9, ametuamrisha kusuluhisha kwa uadilifu baina ya makundi mawili ya waumini. Mosul iliangushwa na dhulma ya ndani kabla ya kuangushwa na bunduki.

Ni kweli kwamba majeshi ya kigeni yalirudi mwaka 2014, safari hii kwa ombi la serikali ya Iraq. Hapa hukumu inabadilika, kwani sura ya suala imebadilika. Kuomba msaada wa wasiokuwa Waislamu katika vita kuna ikhtilafu ya zamani. Wapo waliokataza, kwa hadithi ya mtu aliyemfuata Mtume (s.a.w.) njiani kwenda Badr akarudishwa kwa kuwa ni mshirikina. Wapo walioruhusu kwa masharti, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliazima deraya za Safwan bin Umayya kabla hajasilimu, kwa ajili ya Hunayn. Masharti yao ni kuwepo haja, msaidizi awe mwenye kuaminika, na uamuzi ubaki mikononi mwa Waislamu. Sharti hili la tatu ndilo lililovunjika tarehe 3 Januari 2020, ndege ya Marekani isiyo na rubani ilipowaua Jenerali Qasem Soleimani na Abu Mahdi al-Muhandis, kiongozi wa Hashdi ash-Sha'bi, karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad bila ya idhini ya mwenye nyumba. Siku mbili baadaye Bunge lilipitisha azimio la kutaka majeshi ya kigeni yaondoke. Septemba 2024 yalitangazwa makubaliano ya kumaliza kazi ya muungano huo wa kijeshi kwa hatua mbili, Septemba 2025 na Septemba 2026. Mgeni aliyealikwa akiambiwa, "Sasa inatosha," ukaribisho wake umekwisha.

ADABU YA KUDAI

Jambo la mwisho ni la hatari zaidi, na maimamu wasilinyamazie. Haki ya kudai jeshi liondoke haimhalalishii mtu damu isiyo na hatia. Kujihami dhidi ya mvamizi ni haki iliyothibiti, lakini katika Suratul-Baqara, aya ya 190, Mola ameikutanisha ruhusa ya kupigana na katazo la kuvuka mipaka. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto. Basi ni fiqhi gani iliyolipua masoko ya Baghdad? Ni fiqhi gani iliyolipua kuba la Samarra tarehe 22 Februari 2006, hata ndugu wakachinjana mitaani? Katika Ramadhani ya mwaka huo huo, mwezi Oktoba, maulamaa wa Kisunni na Kishia wa Iraq walitia saini Waraka wa Makka, wakikubaliana kwamba damu, mali na heshima ya Muislamu ni haramu juu ya Muislamu mwenziwe.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 7 Agosti 1998, watu waliodai kwamba wanapinga majeshi ya Marekani katika Bara Arabu walilipua balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini na njiani. Hakuna mwanajeshi hata mmoja aliyeondoka popote kwa sababu ya damu ya wale. Mtu aliyeingia nchi kwa kibali ametoa ahadi na amepewa amani, na Mtume (s.a.w.) aliiheshimu amani iliyotolewa na mwanamke mmoja, Ummu Hani (r.a.), siku ya kufunguliwa Makka.

Hata adui mwenye mkataba hafanyiwi hiana. Abu Dawud na at-Tirmidhi wamepokea kwamba Muawiya (r.a.) alikuwa na mkataba na Warumi, akasogeza jeshi lake mpakani ili muda ukiisha awashambulie. Amr bin Abasa (r.a.) akaja mbio juu ya mnyama wake akipiga takbiri na kuhimiza utekelezaji wa ahadi na kuacha hiana, akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) katika jambo hilo. Muawiya akalirudisha jeshi. Amiri mwenye nguvu alirudi nyuma kwa hadithi moja.

HITIMISHO

Imamu akiulizwa juu ya jeshi la kigeni katika nchi ya watu, aulize naye maswali haya. Liliingia kwa ruhusa ya nani? Siku ya kuondoka imetajwa, na aliyeitaja ni nani? Askari wake akiua, nani anamhukumu? Kilichoharibika mkononi mwake, nani anakilipa? Na je, wenyeji wamejiandaa kufanyiana uadilifu siku mgeni atakapotoka? Manne ya kwanza yanamhusu mgeni. La tano linatuhusu sisi, nalo ndilo tunalolipenda kidogo kuliko yote.

Ubao ni wa mwenyewe, na pwani lazima ifikiwe. Lakini jahazi likishafika pwani na ubao ukarudi kwa mwenyewe, yeye na ndugu zake ndio watakaoulizwa wameujengea nini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watu wa Iraq, na kila nchi iliyokaliwa kwa dhulma, amani yenye uadilifu, na atuunganishe nyoyo zetu juu ya haki. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.